Jina la Wagner halikuwa la kuuzia sigara

Neno sahihi limebeba mizigo miwili katika Kiswahili. Kwanza ni sifa: jambo lililo sahihi ni lile lisilo na kosa wala ghushi. Pili ni nomino: alama ya mkono ambayo mtu huitia chini ya barua au hati ili ijulikane kwamba maneno yaliyomo ni yake. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, na maana hizi mbili hazikukutana kwa bahati tu. Atiaye sahihi huthibitisha kwamba yeye ndiye, na kwamba ameridhia. Ridhaa hiyo ndiyo inayonifanya nimkumbuke leo mtu ambaye wengi wetu huku hatumjui, ilhali kwao Marekani ni miongoni mwa majina makubwa kabisa ya mchezo wa besiboli. Jina lake ni Honus Wagner.

Wamarekani wana uraibu mmoja ambao mgeni huweza kuucheka kabla ya kuuelewa. Hukusanya kadi ndogo za karatasi ngumu, zenye picha ya mchezaji upande wa mbele na tangazo au maelezo mafupi upande wa nyuma. Mkusanyaji mwenye bidii hatosheki na kadi tupu. Humtafuta mchezaji aliyestaafu, akamwandikia barua ya adabu, akatia kadi ndani ya bahasha pamoja na bahasha nyingine iliyokwisha kubandikwa stempu, kisha akasubiri wiki hata miezi. Mzee ambaye magazeti yamekwisha kumsahau hufungua barua hiyo mezani kwake, akachukua kalamu, akaandika jina lake juu ya picha ya ujana wake. Kadi hiyo ikirudi kwa mwenyewe haiwi tena karatasi ya kiwandani. Imeguswa na mkono wa yule aliyepigwa picha, naye ameridhia kwa wino.

Ajabu ni kwamba katika ulimwengu huo wa wakusanyaji, kadi iliyotamaniwa kuliko zote kwa miongo mingi ni ya mtu ambaye, kama inavyosimuliwa, alikataa katakata isichapishwe. Kadi hiyo ni ya Wagner, na kisa cha kukataa kwake kina mafunzo ambayo hayajapitwa na wakati.

John Peter Wagner alizaliwa tarehe 24 Februari 1874, karibu na mji wa Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania, mahali ambapo leo panaitwa Carnegie. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Eneo hilo lilikuwa la makaa ya mawe na chuma cha pua, na mtoto wa kiume hakungoja kukomaa ndipo ajue jembe la baba yake. Wagner aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12, akaingia machimboni kuchimba makaa pamoja na babake na ndugu zake. Siku za mapumziko vijana hao walicheza besiboli katika viwanja vya vumbi, na hapo ndipo kipawa chake kilipochomoza.

Jina la Honus lina historia yake, na mimi kwa kuwa ni mtu wa isimu siwezi kulipita hivi hivi. Kwa Kijerumani jina la John ni Johannes, na wazungumzaji hulikata wakapata Hans au namna nyingine zinazokaribiana nalo. Katika vinywa vya majirani jina hilo lilitua likawa Honus. Watazamaji nao walimbandika lakabu ya Mholanzi Arukaye, wakiichukua kutoka hekaya mashuhuri ya merikebu ya mizimu, kwa sababu ya kasi yake uwanjani. Lakini Wagner hakuwa na tone la damu ya Kiholanzi. Wamarekani wa zama hizo waliwaita Wajerumani kwa neno Dutch, ambalo ni lile lile Deutsch, jina ambalo Wajerumani hujiita wenyewe, likiwa limepindika katika ndimi za wageni. Hivyo basi mtu huyu aliishi na majina mawili yaliyoundwa na watu wengine. Huenda ndiyo sababu alikuwa mwangalifu sana kuhusu jinsi jina na sura yake vilivyotumiwa.

Ndugu yake Albert, aliyekuwa mchezaji pia, ndiye aliyemfungulia mlango wa besiboli ya kulipwa mwaka 1895. Miaka miwili baadaye Wagner aliingia katika ligi kuu akiichezea timu ya Louisville. Timu hiyo ilipovunjwa, tajiri wake Barney Dreyfuss, ambaye naye alikuwa mzaliwa wa Ujerumani, alihamia Pittsburgh na wachezaji wake bora. Kuanzia mwaka 1900 hadi alipostaafu mwaka 1917, Wagner aliichezea Pittsburgh Pirates, timu ya nyumbani kwao.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, yafaa nieleze kwa ufupi. Mrushaji humrushia mpira mpigaji aliyeshika gongo la mbao. Mpigaji akiupiga vyema hukimbia kuzunguka vituo vinne, huku wapinzani wakijaribu kuudaka mpira au kuufikisha kituoni kabla yake. Wagner alikuwa hodari kwa kupiga, kwa kukimbia na kwa kulinda. Mara nane aliongoza ligi yake kwa wastani wa upigaji. Alipiga mipira ya kufikia kituo zaidi ya mara 3,400 na kuiba vituo zaidi ya mara 700. Umbo lake halikuwa la mwanariadha wa kuchongwa: kifua kipana kama pipa, mikono mirefu, viganja vikubwa, na miguu iliyopinda kama upinde. Hata hivyo, alipokuwa akilinda eneo lililo baina ya kituo cha pili na cha tatu, mpira haukumpita kwa urahisi.

Mtu huyu alijua pia ladha ya aibu. Mwaka 1903 Pittsburgh ilikutana na Boston katika fainali zinazohesabiwa kuwa za kwanza za Kombe la Dunia la besiboli kwa utaratibu wa sasa. Wagner alicheza vibaya mno, akafanya makosa sita ya ulinzi, na timu yake ikashindwa. Majira yaliyofuata aliombwa atoe picha yake ili itundikwe katika ukumbi wa mabingwa wa upigaji. Alikataa, kwa kuwa aliona hakustahili heshima hiyo baada ya jinsi alivyocheza katika fainali. Tukumbuke kukataa huko. Kumbe hata kabla ya kisa cha sigara, Wagner alikuwa na desturi ya kujiuliza kama picha yake inasema kweli mahali inapowekwa. Aibu hiyo aliifuta mwaka 1909, Pittsburgh ilipoishinda Detroit ya Ty Cobb katika mechi saba, na Wagner akamzidi Cobb kwa mbali.

Ni mwaka huo huo wa 1909 ambapo American Tobacco Company, kampuni iliyokuwa imekaribia kulimeza soko zima la sigara nchini humo, ilipoanza kutoa kadi za besiboli ndani ya pakiti. Kadi hizo zilikuwa ndogo, kiasi cha sentimita 4 kwa 7. Ziliimarisha pakiti laini zisipondeke, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kumnasa mnunuzi. Mtu akipata picha ya mchezaji mmoja hutamani ya mwingine, na njia ya kuipata ni kununua pakiti nyingine. Watoto nao walizitamani. Mkusanyo huo, ambao baadaye ulipewa jina la T206, ulikuwa na kadi zaidi ya 500 na uliendelea kutolewa hadi mwaka 1911.

Kwa mujibu wa habari iliyochapishwa katika gazeti la The Sporting News mwaka 1912, kampuni hiyo ilimtumia mwandishi wa michezo wa Pittsburgh, John Gruber, aipate ruhusa ya Wagner, na ikamwahidi dola 10 kwa kazi hiyo. Wagner alijibu kwamba hakutaka picha yake iwekwe ndani ya sigara. Kwa kuwa hakupenda rafiki yake apate hasara kwa sababu yake, alimtumia hundi ya dola 10 kutoka mfukoni mwake. Kadi chache zilikuwa zimekwisha kuchapishwa na kutoka. Leo zinazojulikana kuwapo ni kama 60 tu, wakati kadi za wachezaji wengi wa mkusanyo huo huo zimesalia kwa mamia na maelfu.

Kwa nini alikataa? Wako wanaoshikilia kwamba Wagner hakutaka watoto wavutwe kwenye tumbaku kwa kutafuta picha yake. Wako wengine wanaodai kwamba alitaka tu malipo makubwa zaidi. Kundi hili la pili husema kwamba Wagner mwenyewe alikuwa mtafunaji wa tumbaku, na kwamba huko Louisville jina lake liliwahi kupamba masanduku ya biri. Hoja hizo ni za kweli, lakini hazitoshi kumtia hatiani. Mtu mwenye tamaa ya fedha hatoi dola 10 zake kumfidia mjumbe. Isitoshe, katika miaka hiyo hiyo kadi zenye picha yake zilitolewa pamoja na peremende, bidhaa ya watoto, na hakuna kisa cha yeye kuzizuia namna hii. Ama kuhusu kutafuna kwake, mzazi anayevuta sigara akamkataza mwanawe asivute si lazima awe mnafiki. Yamkini anaijua sumu hiyo kuliko yule asiyeionja. Mimi naegemea upande wa wale wanaosema alikuwa akiwafikiria watoto.

Kuna jambo jingine ambalo masimulizi mengi hulipita haraka. Wagner hakuwa adui wa biashara. Tarehe 1 Septemba 1905 alifunga mkataba na watengenezaji wa magongo ya Louisville Slugger, akawaruhusu waichome sahihi yake juu ya mbao zao. Anatajwa kuwa mchezaji wa kwanza kulipwa kwa jambo hilo. Basi huyu ni mtu aliyeikubali sahihi yake iuzwe mwaka 1905, na miaka minne baadaye akaikatalia picha yake isiuzwe. Hakuna mgongano hapo. Gongo lilikuwa chombo cha kazi yake, naye aliweza kulishuhudia kwa dhati. Sigara haikuwa hivyo. Ndiyo ya mtu haina thamani ikiwa hajui kusema la.

Sheria nayo ilikuwa na mkono wake. Mwaka 1902 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilimkatalia haki binti mmoja aliyelalamika kwamba picha yake imewekwa kwenye matangazo ya unga bila idhini. Umma ulikasirika, na mwaka 1903 bunge la jimbo hilo likatunga sheria iliyokataza jina au picha ya mtu kutumiwa kwa biashara bila ridhaa yake ya maandishi. Kampuni ya tumbaku ilikuwa na makao yake New York. Yamkini ndiyo sababu ilimtafuta Gruber badala ya kuchapisha tu na kunyamaza. Hivyo la ya Wagner ilikuwa na nguvu kwa kuwa nyuma yake palikuwa na sheria, na sheria hiyo ilizaliwa na malalamiko ya binti wa kawaida.

Wala tusisahau walioachwa nje kabisa. Besiboli ya ligi kuu ilikuwa imefungiwa Weusi milango. Katika zama za Wagner aliishi mchezaji Mweusi, John Henry Lloyd, aliyecheza nafasi ile ile kwa ustadi uliowafanya watu wamfananishe na Wagner. Wagner alipoelezwa habari hizo alisema kwamba aliona fahari kulinganishwa naye. Yalikuwa maneno ya kiungwana, ingawa hayakumfungulia Lloyd mlango wowote. Hakuna pakiti ya T206 iliyobeba picha yake, na Jumba la Mashujaa wa Besiboli lilimpokea mwaka 1977, miaka 13 baada ya kufa kwake. Mmoja alikuwa na uwezo wa kukataa kadi. Mwenziwe hakupewa hata nafasi ya kuikataa.

Baada ya kustaafu, Wagner hakuogelea katika utajiri. Mshahara wake wa juu ulikuwa takriban dola 10,000 kwa mwaka, kiasi kikubwa kwa siku zile, lakini si cha kumtosha mtu miaka 40 ya uzee. Alioa mwishoni mwa mwaka 1916, akapata mabinti wawili waliokua, na akajaribu biashara ya vifaa vya michezo. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoikumba Marekani, maisha yalibana. Mwaka 1933 Pittsburgh ilimrudisha awe mkufunzi, na akabaki hapo karibu miaka 20, akiwafunza vijana na kuwasimulia visa vya zamani vilivyozidi kunoga kila alipovirudia.

Mwaka 1936 alichaguliwa kuwa mmoja wa watu watano wa kwanza wa Jumba la Mashujaa, pamoja na Ty Cobb, Babe Ruth, Christy Mathewson na Walter Johnson. Kura zake zilikuwa 215, sawasawa na za Ruth. Tangu hapo barua za mashabiki zilizidi kumfuata. Waliomba sahihi yake kwenye mipira, kwenye postikadi na kwenye kadi mpya za chingamu, maana picha yake ilirudi kwenye kadi mwaka 1940 akiwa mkufunzi mwenye mvi. Aliwatilia sahihi watu wengi, na si kwa ada za maelfu ya dola kama zinavyotozwa siku hizi. Alifariki tarehe 6 Desemba 1955 akiwa na umri wa miaka 81. Miezi michache kabla yake alikuwa amehudhuria kuzinduliwa kwa sanamu yake mjini Pittsburgh.

Aliyeipa kadi ya Wagner umaarufu wake miongoni mwa wakusanyaji alikuwa Jefferson Burdick wa Syracuse, mfanyakazi wa kiwanda aliyesumbuliwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Ndiye aliyezipanga kadi za Marekani katika orodha moja na kuvipa vikundi vyake majina kama hilo la T206. Burdick hakuuza hazina yake. Aliitoa kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, vipande zaidi ya 300,000, akaenda kuvibandika vitabuni kwa vidole vilivyokakamaa. Alimaliza Januari 1963, na miezi miwili baadaye akafariki. Miongoni mwa kadi alizoziacha imo ya Wagner, ambayo kwenye orodha yake ilithaminiwa dola 50.

Waliomfuata hawakuwa wote wa roho hiyo. Kadi moja ya Wagner iliuzwa kwa dola 451,000 mwaka 1991 na kwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki, Bill Mastro, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo zake ili ionekane mpya. Kadi nyingine iliuzwa kwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Palipo na fedha za namna hiyo hapakosi nzi. Katika miaka ya 1990 wapelelezi wa FBI walianza kufichua mitandao ya watu waliokuwa wakighushi sahihi za wachezaji, wengine wakiwa wamekwisha kufa zamani. Katika bidhaa zilizokamatwa ulikuwamo hata mpira wa besiboli wenye sahihi ya bandia ya Mama Teresa. Hapo ndipo lugha yetu inapotufaa: hizo zilikuwa sahihi zisizo sahihi. Wino ulikuwapo, jina lilikuwapo, lakini ridhaa haikuwapo.

Na ridhaa ndiyo kiini cha maisha haya yote. Mwaka 1953, miaka miwili kabla ya Wagner kufariki, mahakama ya rufani mjini New York iliamua mzozo wa kampuni mbili za chingamu zilizogombea picha za wachezaji wa besiboli. Katika hukumu hiyo ikatamkwa kwamba mtu ana haki juu ya thamani ya picha yake, na anaweza kuiruhusu au kuizuia kama mali. Haki hiyo, ambayo leo huwalinda waigizaji na wanariadha wengi wa Marekani, ilitokana na kadi za watoto.

Hapa kwetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini kabla ya habari za mtu kutumiwa kibiashara. Sheria hizo ni njema. Lakini sheria hailindi jina la mtu ambaye yeye mwenyewe halilindi. Kijana wetu akishinda mbio leo, kesho ataendewa na mwenye viatu, mwenye soda na mwenye kamari, kila mmoja na karatasi yake ya kutiwa sahihi. Asikatae zote, maana riziki haikataliwi ovyo, na uzee wa mwanamichezo ni mrefu. Bali ajiulize swali aliloliuliza Wagner: je, mtoto atakayeifuata picha yangu atafikishwa wapi?

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Kampuni iliyomtaka Wagner ilivunjwa kwa amri ya mahakama mwaka 1911, na pakiti zake zimekwisha kuoza. Kilichobaki ni vikadi vichache vya mchimba makaa aliyejua wapi aweke jina lake na wapi aliondoe. Wanaovinunua kwa mamilioni hulipia uchache wake. Uchache huo ulitokana na neno moja, nalo ni la.